Kijiji Kilichoitwa Bose

Ninyi vijana wa ofisini kwa mjukuu wangu Asha, mnaokaa mbele ya kompyuta mmekunja migongo kama kulabu, haya ni yenu. Mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitayarisha hesabu za vijiji kabla hamjazaliwa ninyi na hizo dashibodi zenu. Nimeandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo asinisahihishe mtu. Na someni mkiwa mmekaa, maana hata mimi nilikuwa nimekaa siku ile nilipomletea Asha chakula ofisini kwenu, nikatazama kile kioo chenu cha ukutani, nikacheka mpaka mkanitafutia maji. Nilichochekea nitawaambia nikifika.

Serikali ilinistaafisha siku nyingi. Lakini daftari la chama chetu cha akina mama nimelikabidhi juzi tu, baada ya Ramadhani, kwa hiyo najihesabu mstaafu mpya. Vyeo na mshahara msiniulize. Vyeo vilikuwa vichache, mshahara ulikuwa mwembamba, yamekwisha.

Nimezaliwa Kanyenye, hapahapa Tabora. Babu yangu alikuja na misafara kutoka Manyema, mzigo wa pembe begani, akafika hapa, akautua, akasema basi, miguu imetosha. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tu. Kinyamwezi tulikisikia sokoni kama unavyosikia mvua ikinyesha kwenye bati la jirani: unajua inanyesha, wewe hulowi. Hilo lishikeni. Lilikuja kunilowesha.

Nilianza kazi miaka ile ya vijiji vya ujamaa, katika ofisi moja ya maendeleo pale mjini. Sikuanza na kalamu. Nilianza na ufagio na birika la chai. Karani wa hesabu alikuwa Mzee Mathiasi, Mkatoliki wa Ntalikwa, aliyekuja kazini kila siku kwa baiskeli, mguu wa suruali ameubana na kibanio cha nguo usiingie kwenye mnyororo. Mara nyingi alisahau kukitoa. Alihutubia wageni wakubwa na kibanio mguuni.

Siku yangu ya kwanza nilikuta karatasi chini ya meza yake. Nikaisoma, kisha nikamwita.

"Mzee, samahani. Hiki kijiji kina vyoo vingi kuliko nyumba."

Akavua miwani. "Wewe unasoma?"

"Takataka naisoma kwanza, mzee, ndipo naitupa."

Akaichukua ile karatasi, akaitazama, akanitazama mimi. Akavuta kiti. "Weka ufagio. Keti." Akanipa rula ya mninga, ndefu kama mkono wangu, nzito, ukiidondosha vidoleni utataja majina ya wazee wako wote. Rula ile ninayo mpaka leo. Inafaa pia kufukuzia kuku.

Mkuu wetu alikuwa kijana kutoka Upareni, Ndugu Eliasi. Siku zile wote tulikuwa ndugu, hata uliyekuwa ukimwogopa. Alikuwa mtu wa haraka, mwema, mwenye hotuba tayari kwa kila jambo, na Kinyamwezi alijua neno moja tu, "mwangaluka", salamu ya asubuhi, akilitumia asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi moja akaingia na wazo. Alitaka ubao mkubwa ukutani, mgeni akifungua mlango tu aione wilaya nzima kwa jicho moja: nani ana kaya nyingi, nani ana mahindi, nani amelala. Fundi akaleta ubao, tukachora wilaya, tukapigilia msumari kwa kila kijiji. Kilichobaki ni cha kutundika kwenye misumari. Rangi ya kupaka hatukuwa nayo. Nikasema, vifungo.

Nikatumwa dukani kwa Mama Shirini, Mhindi wa Kanyenye aliyeuza nyuzi, lesi na maneno.

"Vifungo mia tatu?" akasema. "Kijani, njano na vyekundu? Zena, unamshonea nani?"

"Wilaya."

"Wilaya ina kifua kipana hivyo?"

"Matundu yake ndiyo mengi, mama."

Akacheka, akaniongeza kimoja cha bure: kifungo cha koti, kikubwa kama kisosi, cha kijani. Tukaamua hicho kitatundikwa kwa kijiji kimoja tu, chenye kaya nyingi kuliko vyote. Vile vidogo tukavigawa: kijani kwa wanaokwenda vizuri, njano kwa wanaosuasua, chekundu kwa waliolala. Hiyo ndiyo ilikuwa dashibodi yetu. Haikuhitaji umeme, na ikiharibika unatafuta sindano.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana watu wanadhani kazi ilikuwa ubao. Ubao ulikuwa kazi ya robo saa. Kazi ilikuwa karatasi. Kila mwezi vijiji vilileta hesabu zao, na kila kijiji kilikuwa na dini yake ya kuandika. Mmoja anaandika nyuma ya karatasi ya sukari. Mwingine anaandika barua: "Kijiji hakijambo, mahindi ni mengi, tunamshukuru Mungu." Haya, ichukue hiyo uiweke kwenye safu. Mwingine: "Kama mwezi uliopita." Mwezi uliopita naye aliandika vivyo hivyo. Mwingine: "Magunia arobaini na debe mbili na kidogo." Na yupo aliyeandika vijiji viwili kwenye kisanduku kimoja, akavizungushia duara, akaeleza pembeni: "Hawa ni ndugu."

Mzee Mathiasi alinifundisha karatasi tatu. Ya kwanza ni ile iliyotoka kijijini. Hiyo huigusi. Hata kama ina makosa, hata kama ina mchuzi, unaitunza vilevile, kwa sababu ukishaifuta hutajua tena aliyekosea ni yeye au ni wewe. Ya pili ndiyo unayochambulia, kama mchele: kila kijiji mstari wake, kila jambo safu yake, namba peke yake, na kipimo chake, gunia au debe, kiandikwe juu kabisa, mara moja. Ya tatu ni safi, ndiyo inayolisha ubao. Na mahali palipo wazi aliniambia usipaguse. Sifuri maana yake tulihesabu, hatukukuta. Pakiwa wazi maana yake hatujui, tuma mtu akaulize. "Usijaze njaa ya watu kwa kalamu yako," alisema.

Kulikuwa na kijiji kinaitwa Kalola. Kwa ndimi za huku kwetu kililetwa kama Kalola, Karora, Karola na Kalora, vijiji vinne, mwenyekiti mmoja. Ikabidi nifungue kidaftari cha majina, kila kijiji jina moja halali, mengine yote yanapelekwa kwa wenyewe. Mzee Mathiasi mwenyewe alikuwa hasaidii. "Zena," alikuwa akiniita, "rete lura."

Basi ikaja mashine ya kusaga. Moja. Ilishushwa kwenye treni stesheni ya Igalula, nayo ilikuwa na sharti: iende kwenye kijiji chenye kaya nyingi kuliko vyote ambacho hakina mashine, na ikipita Ijumaa haijapokelewa, inapakiwa treni inakwenda wilaya nyingine.

Ubao ulikuwa umeshasema siku nyingi ni nani. Kifungo kikubwa kilikuwa kwenye msumari wa Mitundulu, kijiji cha mbele ya Igalula, kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Na Mitundulu walikuwa na mtu wao. Aliitwa Nyamizi, mkuu wa akina mama, mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti yake ilifika ofisini kabla yake. Alikuwa akija kila mara, anasimama mbele ya ubao, kusoma hajui, anakitazama tu kile kifungo. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kutwanga. Akina mama wa kwao waliamka na mchi na kulala na mchi. Mtoto akililia uji asubuhi, uji huo bado uko kwenye kinu.

"Zena, mwanangu, kifungo changu kipo?"

"Kipo, mama."

"Kilinde. Kisije kikashuka kama bega hili."

Wiki ileile Mzee Mathiasi akaenda Ntalikwa kumwoza binti yake. Alipokuwa anapanda baiskeli, akageuka. "Zena! Jihadhari na mstari wa mwisho!"

Nikaitika ndiyo. Nilidhani anasema niupige kwa rula, unyooke. Niliupiga ukanyooka, haujawahi kupigwa mstari wa mwisho mnyoofu namna ile.

Karatasi za kata ya akina Nyamizi ziliingia Jumatatu. Safari hii zilikuja zimeunganishwa, vijiji vitano kwenye karatasi moja, mwandiko mkubwa, wa kupendeza, wa mtu anayebonyeza kalamu mpaka upande wa pili. Nikahesabu mistari. Ilikuwa sita. Mitundulu wa kwanza, vingine vinne vinafuata, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: BOSE.

Nikasema, hee, kijiji kipya. Si ajabu siku zile, vijiji vilikuwa vinaota kama uyoga. Nikakitazama kwenye kidaftari changu cha majina, hakimo. Nikakiingiza! Nikakitafutia msumari! Na Bose huyo alikuwa si mchezo. Kaya, Bose wa kwanza. Mahindi, Bose. Karanga, Bose. Watoto shuleni, Bose. Hapo nilipaswa kushtuka, kwa sababu na nyumba zilizoungua pia Bose alikuwa wa kwanza, na ng'ombe waliokufa, Bose vilevile. Lakini nilikuwa nimelewa sifa. Nimebaki peke yangu na rula, na mimi ndiye niliyegundua kijiji.

Ndugu Eliasi alipouona ubao alishika kichwa. "Bose! Zena, hawa watu walikuwa wapi?"

"Sijui, ndugu. Labda walikuwa kazini."

Akaketi palepale akaanza kuandika hotuba. Ilikuwa inasema: Vijiji vyote viige mfano wa Bose. Nikakitoa kifungo kikubwa kwenye msumari wa Mitundulu, nikakitundika kwa Bose. Hati ya kupokelea mashine ikapigwa chapa, ikagongwa muhuri: Kijiji, BOSE.

Jumanne Nyamizi akaja. Akasimama mbele ya ubao. Akaona kifungo hakipo mahali pake. Mimi nikainuka, maana jambo baya linasemwa kwa miguu, halisemwi kwa kukaa.

"Mama, shikamoo. Samahani. Mashine inakwenda Bose."

Akanitazama. "Bose?"

"Bose, mama."

"Usinitanie, Zena. Kweli bose?"

"Kweli. Ndio wenye kaya nyingi kuliko wote."

"Sasa kama ni bose, watakosaje kuwa wengi?" Akapiga kigelegele, palepale ofisini, mpaka Ndugu Eliasi akatoka mbio na kalamu mdomoni. Nyamizi akanishika mikono miwili akanirusharusha kama mtoto. "Bose! Mungu awabariki! Bose!" Akatoka anacheza, anaimba barabarani, bega bovu na bega zima yote yakiruka.

Ndugu Eliasi akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona? Ameshindwa, na bado anamshangilia aliyemshinda. Huo ndio ujamaa." Akaliongeza kwenye hotuba.

Alhamisi nikapelekwa Igalula na dereva Hamisi, mtu wa Tanga, mwenye kofia na ubishi, tuipakie mashine tuifikishe Bose. Nilibeba rula yangu, hati, pedi ya wino, na ile karatasi ya kwanza kutoka kata, kama nilivyofundishwa. Bose haikuwa kwenye ramani, lakini tukasema tutauliza. Tukaingia njia ya misafara. Kijiji cha kwanza tukamkuta mama anasuka mkeka mlangoni.

"Shikamoo mama. Bose iko wapi?" akauliza Hamisi.

"Marahaba. Bose wameenda shamba."

"Mji mzima?"

"Mji mzima. Mimi nimebaki na mguu."

Hamisi akanigeukia. "Hawa watu wachapakazi, ndiyo maana wanaongoza." Tukafuata mashamba. Tukakuta watu wanapalilia, wengi. Hamisi akachungulia dirishani. "Ndugu zangu, ninyi ndio Bose?"

Wakatazamana. "Ndiyo," akasema mmoja. "Bose tupo. Kasoro mama mwenye mguu."

Wakaona mashine! Jembe likatupwa huku, jembe likatupwa kule, wakapanda lori, wanataka kushusha. Nikatoa hati kwa mwenyekiti wao aandike jina la kijiji. Akaandika jina lingine kabisa. Nikapiga ubao wa lori kwa rula. "Shukeni! Hapa si Bose!"

"Si bose?" akasema mzee mmoja, ameudhika. "Nani hayupo?"

Kijiji cha pili ilikuwa vilevile. Bose walikuwa kwenye mkutano. Tukaenda mkutanoni, tukauliza kama hawa ndio Bose, wakajihesabu, wakasema ndiyo, isipokuwa wawili wanaumwa. Kijiji cha tatu Hamisi alikuwa amevua kofia. "Zena," akasema, "nimeendesha gari kutoka Tanga mpaka Kigoma. Sijaona kijiji kinachohama mbele ya lori." Na nyuma yetu akina mama walikuwa wanatufuata na vikapu vya mahindi, wanaimba, na wimbo wenyewe ulikuwa na Bose ndani. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Kwenye kijiji cha nne nikashuka mwenyewe. Nikamkuta mzee mmoja amevaa koti, kalamu mbili mfukoni, anasoma kwa sauti karatasi iliyofungiwa chumvi.

"Shikamoo, mzee. Tunatafuta Bose wa kata hii."

"Marahaba, binti. Umewapata nusu. Wengine wako kisimani."

Nikaona nikiuliza tena kwa mdomo nitalia. Nikatoa ile karatasi ya kwanza, nikamwonyesha mstari wa mwisho. "Huyu, mzee. Huyu hapa."

Akaing'ang'ania kwa mikono miwili, uso ukamchanua. "Huu mwandiko wangu!"

Kumbe katibu wa kata alikuwa kwenye semina, akamwachia kazi yule mzee, Mzee Ngasa, aliyekuwa ametoka kuhitimu kisomo cha watu wazima. Ilikuwa karatasi yake ya kwanza ya serikali. Akaita watu waje waone mwandiko wake umesafiri mpaka Tabora ukarudi.

"Mzee," nikasema, "Bose ni kijiji gani?"

"Kijiji?" Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza ndoo ina umri gani. "Binti, wewe si wa huku. Bose ni wote. Nimeandika hawa, na hawa, na hawa, halafu chini: bose. Nimejumlisha mwenyewe, bila kusaidiwa!"

Nikakaa chini. Nilikaa vumbini na gauni la kazi. Nikaanza kupitisha kichwani: bose wameenda shamba. Bose tupo. Nani hayupo? Ndugu Eliasi na hotuba yake, vijiji vyote viige mfano wa wote. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, kicheko cha kunishika mbavu nisipumue. Hamisi aliposhuka kuuliza kuna nini na mzee akamweleza, alilala juu ya boneti akipiga bati kwa ngumi. Mzee Ngasa naye akacheka kwa adabu, kisha akauliza, "Lakini jumla iko sahihi?"

Nikaipiga palepale kwa kijiti mchangani. Ilikuwa sahihi mpaka nukta.

Kicheko kilipokwisha ndipo nikaona nilichofanya. Mashine ilikuwa ya Mitundulu. Hati ilisema Bose. Mihuri ilikuwa Tabora, na Ijumaa haikuwa na huruma. Nikamwambia Hamisi, "Twende kwa Nyamizi. Nikatukanwe huko huko."

Mitundulu hatukukuta uwanja, tulikuta watu. Watu wa vijiji vyote vitano, na vikapu, na madebe, wameketi wanangoja, kwa sababu Nyamizi alikuwa ametangaza tangu Jumanne kwamba serikali inaleta mashine ya bose. Nikasimama nyuma ya lori. Nikasema yote, kwa sauti, bila kujificha nyuma ya mtu: kwamba nilidhani ni kijiji, kwamba mashine ni moja, kwamba kwa haki ni ya Mitundulu, na kwamba karatasi niliyoshika imekosewa na mimi na haiwezi kubadilishwa kabla ya treni.

Nyamizi akasogea. "Yaani mlichora wilaya nzima," akasema, "mkaweka kijiji kinaitwa Wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na mkakitafuta na lori?"

"Tangu asubuhi, mama."

Alijishika kiuno akacheka mpaka kanga ikafunguka, na uwanja mzima ukalipuka naye. Kisha akafuta macho, akapokea ile hati, akaishika juu chini, haidhuru. "Hapa pameandikwa nini, pa mpokeaji?"

"Bose, mama."

"Basi si wapo?" Akageukia watu. "Mimi nilishatangaza bose, na maneno yangu siyalambi. Mashine ikae Mitundulu, njiani, kila mtu aje. Haya, leteni vidole!"

Wakapiga dole. Mmoja mmoja, vijiji vitano, mbele na nyuma ya ile hati, mpaka wino wa zambarau ukakauka na muhuri wa serikali ukafunikwa na vidole vya watu. Nyamizi alikuwa wa kwanza. Mzee Ngasa alikataa dole, akaandika jina lake kamili kwa kalamu zote mbili. Jua linazama mashine ikawa chini, imepokelewa kihalali na Bose.

Ijumaa nikamweleza Ndugu Eliasi. Akauliza, "Na hotuba yangu?" Mzee Mathiasi alikuwa amerudi, kibanio mguuni. Aliisikiliza habari yote, akaenda nje kucheka, akarudi amekunja uso. "Zena. Nilikwambia mstari wa mwisho. Jumla ni mama. Mama hapangwi foleni moja na wanawe. Ukimpanga, atawazidi kimo wote, na atawalia chakula chao." Akanipa karatasi mpya nianze upya. Ufagio hakunirudishia. Nikang'oa msumari wa Bose, nikarudisha kifungo kikubwa Mitundulu, nikaandika ndani ya jalada la kidaftari changu: hesabu mistari, kisha uliza kila jina wewe ni nani.

Nilikaa na ubao ule miaka mingi. Ulipovunjwa nilikiomba kifungo kikubwa, wakanipa.

Sasa nimefika. Siku ile ofisini kwenu, kwenye kioo chenu cha ukutani, kulikuwa na nguzo za rangi, kila nguzo kata moja, fupi fupi, na moja pembeni ndefu kama mnara. Nikamwuliza Asha, "Huyu mrefu ni nani?" Akabofya. Akasema, "Ni Jumla, bibi." Na mkuu wenu, nilimsikia kwa masikio haya, akasema, "Hawa Jumla wanafanya vizuri sana." Na ninyi hamkusema kitu! Mna kompyuta, mna shahada, Kiswahili mnakijua! Mimi angalau nilidanganywa kwa Kinyamwezi.

Nimewatumia kile kifungo kwa mkono wa Asha. Kitundikeni juu ya kioo chenu, na kila mkipokea jedwali mkitazame kabla hamjabofya.

Na msidhani nimewasema ninyi tu. Siku nilipotoka kukabidhi lile daftari nilifika kwangu na njaa, nikauliza nani ameshakula, nyumba nzima ikaitika, "Wote, bibi!" Nikafunua sufuria, haikubaki hata ukoko. Niliwapanga barazani, wakubwa kwa wadogo, Asha akiwemo, nikashika rula ya mninga, nikawaamuru: kuanzia leo, katika nyumba hii, nikiuliza nani amekula, ni marufuku kunijibu "wote", tajeni majina, moja moja, kwa sauti, na kama jina langu halimo, asioshe mtu sahani.